Kiti Kilichokwenda Kupigiwa Makofi

Jina la Mzee Nati alipewa karakanani, si kwa mamaye. Kwa miaka thelathini na moja aliyofanya ufundi kwenye karakana ya mabasi, mifuko ya suruali yake haikukosa nati, bolti, springi na vipande vya waya ambavyo wenzake walikwisha vitupa. Akitembea mifuko ililia kama kapu la vijiko. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alichoka kushona mifuko iliyotoboka, mwisho akamtilia viraka vya turubai. "Mimi sikuolewa na mtu," alikuwa akiwaambia wateja wake, "niliolewa na duka la vyuma." Walicheka, na Mzee Nati mwenyewe alicheka, kwa sababu alijua mwanamke akikutania hivyo mbele za watu, umependwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilomchekesha. Pale karakana aliwahi kuunda kigari cha kushushia gia boksi, kikawafanya watu wawili kufanya kazi ya watano na migongo yao ikabaki mizima. Meneja alikuja akakizunguka, akauliza ni nani aliyetoa ruhusa ya kukata vyuma vya ofisi. Mwaka uliofuata kigari kile kilitokea kwenye taarifa ya mwaka, picha ya rangi, meneja kashika mpini na meno yote nje. Mzee Nati aliikunja taarifa ile akairudisha mezani. Alirudi nyumbani, akala, akaanza kuugua ugonjwa usio na dawa: kutamani kwamba siku moja, moja tu, mtu asimame mbele ya watu aseme, hiki kakifanya huyu. Aliuficha ugonjwa huo kwa kila mtu isipokuwa mkewe, na mkewe hakuhitaji kuambiwa.

Alistaafu. Walipanga kupumzika, kama watu wanavyopanga. Miezi minane baadaye mkewe alianguka jikoni, sufuria mkononi, na alipozinduka hospitalini upande wake wa kushoto ulikuwa umemsusa. Kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, ukiwa mzito kidogo lakini mkali vilevile. Mkono wa kushoto haukurudi. Mguu ulirudi nusu.

Ndipo walipoanza maisha ya kubebana. Mzee Nati alikuwa na ngiri na mgongo wa fundi, yaani mgongo uliokwisha. Kila asubuhi jirani yao, mama mmoja muuza sabuni, mwenye mikono minene na moyo mweupe, alikuja wakamwinua mgonjwa wawili: mmoja kwapani, mmoja magotini, moja mbili tatu, hadi msalani. Kisha jirani alikwenda zake kwenye biashara. Saa zilizobaki mgonjwa alikaa pale alipowekwa. Mzee Nati alichelewa sana kugundua kwamba mkewe ameacha kunywa maji. Alikuwa akilowesha midomo tu, glasi ikarudi imejaa, ili asije akabanwa na haja na kulazimika kumwita mtu. Mwanamke aliyeendesha cherehani sita na wasichana sita, sasa anapiga hesabu ya funda za maji. Mzee Nati alipoelewa hivyo alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti, akijifanya anakohoa.

Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akiwatembelea mara moja kwa mwezi, kijana mpole asiyependa maneno mengi, aliwaambia kitu kimoja na akakirudia mlangoni wakati anaondoka. "Huu mguu una uhai, mzee. Lakini asimame. Kila siku asimame, hata dakika tano, mara nne, mara tano. Goti likizoea kukunjwa, litabaki limekunjwa, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya."

Kwa hiyo Mzee Nati aliunda kiti.

Alichukua jeki ya gari dogo, ile ya kuzungushwa kwa mkono, akaifunga chini ya kiti cha chuma alichokikata kutoka kwenye kitanda kibovu. Upande wa kulia, mahali mkono mzima wa mkewe ulipofika, aliweka pedali ya baiskeli, na kutoka kwenye pedali cheni, na kutoka kwenye cheni gia iliyoshika skrubu ndefu ya jeki. Ukizungusha pedali, kiti kinapanda taratibu nyuma na kuinama kidogo mbele, kikikusukuma mpaka ujikute umesimama kwa miguu yako mwenyewe. Na kwa kuwa jeki ikishapanda haishuki hadi uishushe, hapakuwa na hatari ya kudondoka. Ukutani, kutoka kitandani mpaka msalani, akapigilia bomba la maji la kushikia.

Usidhani kilifanya kazi siku ya kwanza. Cha kwanza kilipanda upande mmoja tu. Cha pili kilikuwa na gia kubwa mno, kikamnyanyua mgonjwa kwa kasi mpaka akapiga ukelele. "Baba wee! Kama umenichoka sema, usinirushe kama gunia!" alisema, kisha akacheka hadi jirani akaja kuchungulia. Cha tatu, cha nne. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa mkaguzi. Pedali iko mbali, isogeze. Mto unateleza, nishonee kitambaa cha kukwaruza, na si hivyo, leta hapa nikuelekeze, umeshika sindano kama unashika spana. Cha sita kikakubali.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, mkewe alizungusha pedali peke yake, akasimama, akashika bomba, akaburuta mguu wa kushoto hatua kumi na moja mpaka msalani, na akafunga mlango. Mzee Nati akabaki nje, sikio kwenye mbao.

"Ondoka hapo mlangoni, mwanamume wewe," sauti ikatoka ndani. "Mwaka na nusu sijafunga mlango. Niache nikae."

Alikaa humo karibu saa nzima. Mchana ule alikunywa glasi tatu za maji. Ndani ya miezi mitatu alikuwa akisimama mara sita kwa siku bila kuambiwa na mtu, na mtaalamu wa viungo alipolikunjua goti lake alipiga mluzi, kijana yule asiyependa maneno.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini walikuwa na binti, muuzaji wa duka la dawa, binti mwema aliyemwonea baba yake fahari, na binti huyo akapiga picha ya video kwa simu: mama anazungusha, mama anapanda, mama anasimama na kuwapungia watu mkono kama malkia. Akairusha mtandaoni. Watu wakaipenda, wakaisambaza, wakaandika machozi na mioyo. Wiki ya pili gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba, na ubavuni limeandikwa kwa herufi za kijani: Kamati ya Kuwaenzi Wabunifu wa Mitaani.

Mratibu wa kamati alikuwa mwanamke kijana, nadhifu, mwenye shikamoo ya adabu, na haifai kumsingizia ubaya. Alipoona mgonjwa anapanda kwa mkono wake mwenyewe, alitokwa na machozi ya kweli. "Mzee wangu," alisema akijifuta, "wewe ni hazina. Watu kama wewe wanakufa na vipaji vyao hakuna anayewajua. Sisi tumesema basi, imetosha." Akaeleza kwa mapana na marefu. Kutakuwa na maonyesho, ukumbi mkubwa, mgeni rasmi, wabunifu ishirini waliochaguliwa. Kiti kitasajiliwa kwa jina lake. Kiwanda kimoja kimeonyesha nia ya kutengeneza viti elfu moja, na kila kiti kitakuwa na kibati kidogo cha shaba nyuma, na kwenye kibati jina la mbunifu.

Mzee Nati alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, anasikiliza kama mtoto anayesimuliwa.

"Tutakihitaji kiti kwa siku tatu tu," mratibu alisema.

"Haya, mnamwinua yeye," mgonjwa akasema. "Mimi ataniinua nani?"

Wote wakacheka. Mzee Nati naye akacheka, ndivyo alivyokuja kujilaumu baadaye, kwamba alicheka na wageni. Walipotoka kwenda kuchukua kamera garini, alimgeukia mkewe.

"Niwakatalie?"

Mkewe alimtazama. "Nimekuona ulivyokuwa unamsikiliza yule binti wa kamati," alisema. "Tangu nikujue sijakuona umekaa hivyo. Waache wakichukue. Siku tatu? Nimeshakaa vibaya zaidi ya siku tatu."

Makaratasi yalikuwa kurasa mbili. Mzee Nati alisaini kila palipoonyeshwa. Alikuwa mtu wa sahihi yake: karakana nzima ilijua kwamba Mzee Nati akisaini spana saa mbili, saa kumi spana iko ukutani. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mbunifu hatatengeneza kiti kingine cha aina hiyo, wala kumruhusu mtu akitengeneze, hadi usajili ukamilike. Alikisoma. Akaona ni haki. Unalinda kitu chako.

Siku ya sherehe alivaa suti ya harusi ya binti yake. Ukumbi ulijaa, zulia jekundu toka mlangoni hadi jukwaani, na viti vya wageni vimevishwa vitambaa vyeupe. Kiti chake kilikuwa kimewekwa jukwaani, kimepakwa rangi ya buluu inayong'aa na kuzungushiwa utepe. Mgeni rasmi alipanda, akakikalia, akashika pedali, akatabasamu, kamera zikamwakia. Kisha jina la Mzee Nati likaitwa, jina lake kamili, la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo hata yeye alichelewa kulitambua. Watu mia nne wakasimama wakapiga makofi.

Alilia. Kwa nini asilie? Miaka thelathini na moja ya karakana, kigari cha gia boksi na yote, ilimtoka kwa machozi mbele ya umati. Alipotulia alimnong'oneza mratibu: "Mwanangu, niwaonyeshe kinavyopanda?"

"Muda hauturuhusu, mzee wangu. Tumechelewa na wabunifu bado kumi na wawili."

Akashuka na cheti chenye fremu, fulana, na mwavuli wenye nembo ya kamati. Nyumbani mkewe, aliyekuwa amelazwa na jirani toka asubuhi, aliomba asimuliwe kila kitu, na akasimuliwa mara mbili. Kisha akauliza, "Na kiti?"

"Jumatatu."

Jumatatu kiti hakikuja. Mratibu alipiga simu mwenyewe, kwa furaha: kimependwa mno, kinahitajika kwenye maonyesho mengine mjini, halafu kwenye mkutano wa waajiri, halafu kwenye wiki ya vijana. "Kinazunguka, mzee wangu! Kinawatia watu moyo!" Wiki ya tatu kikawa bado kinazunguka. Mwezi wa pili vilevile. Jirani alirudia zamu yake ya asubuhi, moja mbili tatu. Na glasi za maji zikaanza tena kurudi jikoni zimejaa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jeki nyingine. Kulikuwa na baiskeli mbovu yenye pedali zote mbili. Mzee Nati alikijua kiti kile kwa vidole. Wiki moja ingemtosha, pengine siku tano.

Binti yake alimjia juu. "Baba, tengeneza kingine. Leo."

"Nimesaini."

"Nani atakuja kukukagua chumbani kwa mama? Polisi?"

"Nimesema nimesaini. Usajili ukikamilika nitatengeneza vitano. Wakigundua nimevunja masharti, kiwanda kinajitoa, na yote yanakwenda na maji."

"Yote yapi?" binti akauliza. "Baba, yote yapi? Mama kalala pale."

Mzee Nati alilijua jibu na lilimtia aibu. Hakuogopa polisi wala mahakama. Aliogopa kufutwa kwenye orodha. Kila alipokwenda nyuma ya nyumba na kuishika ile jeki, alikiona kibati cha shaba, kidogo kama stempu, na jina lake juu yake mara elfu moja. Akairudisha jeki chini taratibu kana kwamba angeweza kuiamsha. Kilemba cha ukoka alikuwa amekwisha vishwa, na kilimkaa vizuri, hakutaka kukivua. Alijidanganya kwa kumnyoosha mkewe mguu asubuhi na jioni, kama mtaalamu alivyowafundisha. Mkewe aliuma mdomo wa chini, hakulalamika. Laiti angelalamika. Mwanamke aliyemchambua kwa sindano na kwa pedali, juu ya hili alikaa kimya, maana alikuwa amempa ruhusa na si mtu wa kurudisha nyuma neno lake.

Mtaalamu wa viungo alikuwa amehamishiwa kituo kingine kwa muda; alirudi mwezi wa nne. Alilishika goti, akalisukuma, akasubiri, akalisukuma tena.

"Anasimama mara ngapi kwa siku?"

"Kiti hakipo," Mzee Nati alisema. "Kiko kwenye maonyesho."

"Maonyesho," kijana akasema. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka bila kunywa chai.

Mwezi wa tano Mzee Nati alipiga moyo konde, akaenda ofisi za kamati kwa miguu yake. Kiti alikikuta mapokezi. Hakikuwa kinazunguka popote. Kilikuwa kimewekwa pembeni mwa dirisha, na juu yake chupa ya chai ya msichana wa mapokezi na mkoba wake. Mzee Nati aliomba radhi, akaviondoa vitu vile, akashika pedali kukijulia hali. Haikuzunguka. Akadhani kutu. Akainama, na pale gia inaposhika skrubu ya jeki akaona donge la chuma lililochomelewa, kubwa na la haraka, limepakwa rangi ya buluu juu yake kufunika.

Alikuwa bado amechuchumaa wakati mratibu alipotoka ofisini kwake na kumsalimia kwa furaha ileile.

"Nani kachomelea hapa?"

"Aa, hiyo!" mratibu alisema. "Mgeni rasmi alisema atakikalia, watu wa usalama wakaogopa kisije kikampandisha mbele za watu. Ikabidi tuite mchomeleaji asubuhi ile ile."

"Asubuhi ya sherehe?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwa hiyo siku ile mliponipigia makofi, kilikuwa kimekufa."

"Hakikufa, mzee wangu. Kilikuwa salama."

Mzee Nati akauliza polepole, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi: ukumbi ule, mkutano wa waajiri, wiki ya vijana, watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyeomba kukiona kikipanda? Mratibu alifikiri kwa uaminifu. Hapana, alisema, wengi walipenda kupiga nacho picha. Na usajili? Faili liko mezani kwa mtu aliye masomoni. Na kiwanda? Kiwanda kilikuwa kimeonyesha nia, nia ni mwanzo mzuri. "Halafu mzee wangu, mwakani tunakutaka uje uzungumze na vijana. Mada ni namna ya kuwatia moyo wabunifu."

Alikibeba kiti mpaka mlangoni yeye mwenyewe, na ngiri yake. Mratibu alimfuata akitaja masharti, kifungu, taratibu za kukabidhiana.

"Nishitakini," Mzee Nati alisema, akaita mkokoteni.

Donge lile alilikata kwa msumeno wa chuma mchana huohuo, binti yake kashikilia fremu. Gia ilikuwa imeharibika, akaing'oa ya kwenye baiskeli mbovu akaifunga. Akatia grisi. Akakikalia mwenyewe, akazungusha, kikapanda laini, kikashuka laini. Kazi iliyongojwa miezi mitano ilichukua saa tatu. Kisha yeye na binti yake wakambeba mgonjwa, wakamweka juu yake.

Mkewe alishika pedali. Alizungusha, akapumzika, akazungusha. Kiti kikapanda, kikamsogeza mbele. Mguu wa kulia ukagusa sakafu, ukakaza. Wa kushoto ulibaki umekunjika, goti mbele, kisigino juu, unaning'inia karibu shubiri moja kutoka chini. Alijisukuma. Alishika bomba la ukutani akajisukuma tena, jasho likimtoka kipajini, na binti yake akamshika kiunoni akambonyeza ule mguu kwa mkono wake, mgonjwa akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, hata siku ya kiharusi. Binti akauachia. Mgonjwa akarudi kukaa pale juu, katikati ya kukaa na kusimama, anahema.

"Ngoja," Mzee Nati alisema. "Ngoja kidogo, msimshushe."

Akapiga magoti, akaingia chini ya kiti na spana. Akaijaribu cheni. Akaipima jeki kwa kiganja. Labda pembe imebadilika, alisema kutoka huko chini, labda wale walipochomelea waliupinda huu mhimili, nikiushusha mbele kidogo hapa, kidogo tu, mguu utafika. Alifungua nati, akaifunga palepale ilipokuwa. Akafungua nyingine. Binti yake alikuwa ameelekea dirishani, mgongo kwao. Spana iliendelea kugonga chuma, na Mzee Nati aliendelea kusema, na maneno yake yakawa mafupi mafupi.

"Baba," mkewe akasema kutoka juu, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao kwake. "Toka huko chini. Kiti hakina kosa."